Laini ya Halima

Jumanne, Wabera

Mimi tasa, eti. Nilimsikia jana kwa masikio yangu akimwambia mamake kwa simu. Halima, wifi yangu, ninayemlisha hapa kwangu.

Alitoka kijijini Biliqo bila kitambulisho, kwa hivyo laini yake ya simu tuliisajili kwa jina langu. Leo nimeenda kwa ajenti, nikasema imepotea. Aliangalia kitambulisho changu, akanipa nyingine yenye namba ile ile. Kwa serikali, mwenyewe ni mimi.

Nikaiweka kwenye simu yangu, na baada ya magharibi mamake Halima akapiga. Kule Biliqo hupanda kilima ndio apate mtandao.

"Halima amesema usimpigie tena," nikamwambia.

Akauliza tu, "Lakini amekula?"

Nikakata.

Halima bado yuko uani, ameinua simu juu, anafikiri ni mtandao.