Maji ya Bluu Nyumbani kwa Mutie

Jumamosi, 1 Septemba 1984

Bwawa limejaa. Injini ya kisima imenguruma tangu Jumatano mpaka masikio yanauma. Watu wote wa Tawa wanaangalia mbingu wakingoja mvua, na sisi tunajaza shimo la kuogelea!

Mume wangu Mutie anataka liwe tayari wakwe wakija kuzungumza mahari ya binti yetu Muthoki. Wakwe wa Nairobi. Anasema wataona Mukamba naye ameendelea. Mimi nilisema wakwe hula mbuzi, hawaogelei. Alicheka tu.

Jioni akamwaga klorini. Maji yalikuwa meupe kama kioo. Tukiangalia hivi — yakageuka. Manjano, halafu rangi ya chai! Mutie alisimama pale na ndoo mkononi, mdomo wazi. Nilitaka kucheka lakini uso wake ulinizuia.

Jumanne, 4 Septemba

Fundi mmoja wa pampu amesema ni chuma. Maji ya kisima chetu yana chuma ndani, hayaonyeshi mpaka yakutane na dawa. Ndiyo maana mashuka yangu meupe yamekuwa na madoa miaka hii yote! Mimi nikimlaumu msichana wa kufua.

Kutu imeshuka chini, imelala kama matope. Na sasa juu kumeota utelezi wa kijani. Mutie halali. Anageuka kitandani kama chapati. Nami silali.

Alhamisi, 6 Septemba

Ameleta mrututu, ile dawa ya bluu ya kupulizia kahawa. Nani alimwambia? Ati mtu wa Nunguni, ati inaua kijani mara moja. Niliuliza, kipimo ni gani? Akasema kipimo ni macho. Akamwaga gunia karibu lote.

Kijani kimekufa, kweli. Maji yamekuwa bluu — bluu sijawahi kuona. Majirani wamekuja kusimama kwenye ua kutazama. Hata mimi nilitazama. Uzuri ni uzuri.

Lakini nilitia kidole nikaonja. Kama kulamba senti.

Jumamosi, 8 Septemba

Ngazi za bwawa zimeota madoa meusi. Ukisugua hayatoki.

Mutie alipeleka maji Nairobi kwa chupa ya soda, kwa wale wanaouza dawa za mabwawa. Wamempimia. Chuma kingi, na shaba ya ule mrututu imezidi kabisa. Iko dawa ya kushika hizo metali, lakini kwa sasa hawana, inatoka ng'ambo. Wakamwambia amwage, ajaze upya.

Amwage! Mwaka huu wa ukame, na kisima tumeshakikausha!

Ameketi kibarazani bila kusema. Namjua mume wangu. Akinyamaza hivyo, kuna jambo anapika.

Jumapili, 9 Septemba

Lo, alichopika. Baada ya mahubiri alisimama mbele ya kanisa lote. Akasema Mungu amemgusa moyo, watu wanateseka, basi maji ya bwawa lake anayatoa bure kwa mifugo. Kuanzia Jumanne. Makofi! Kaluki jirani yangu alilia. Pasta alimshika mkono.

Nami nikapiga makofi. Mikono ilipiga yenyewe. Kisha katikati ya wimbo nikakumbuka.

Kondoo wa marehemu baba, kule Nunguni. Waliingia chini ya kahawa iliyopuliziwa, wakala majani. Walicheza tu, wazima. Siku nyingi zikapita. Halafu mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi, macho manjano, wakaanguka. Wote. Baba alisema ng'ombe huvumilia, kondoo havumilii shaba.

Na Jumanne wa kwanza kuja watakuwa kondoo wa Duale, jirani wetu wa shamba la chini.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimemwambia Mutie. Nimemwambia asubuhi, nimemwambia mchana. Anasema dawa imeshaisha nguvu, anasema nataka kumwaibisha mbele ya kanisa. "Kwani wewe ni daktari wa mifugo?" Nikamjibu, wenye duka walikuambia nini? Akachukua kofia akatoka.

Duale ni mtu wa Tseikuru, mfanyabiashara wa mifugo. Tangu ukame uwe mkali amekodi shamba letu la chini, yeye na mkewe Ijabo. Kondoo wale ndio mali yao yote. Nilipopata homa mwezi wa sita, Ijabo ndiye aliyeniletea maziwa.

Nimefua nguo zilizo safi. Siwezi kuketi.

Jumanne, 11 Septemba

Mutie alitoka na lori alfajiri. Hakuaga.

Kondoo walifika jua likichomoza. Nilisimama mlangoni mwa ua, nikafunga.

Duale alisalimia kwa heshima. "Mama Muthoki, mzee ametupatia maji. Wanyama hawajanywa tangu juzi." Nikamwambia ndani kuna mrututu, itaua kondoo wako. Akasema basi anywe kondoo mmoja, yule aliyezeeka, tuone.

"Hatakufa leo," nikasema. "Hapo ndipo ubaya wake. Utawanywesha wote ukifikiri ni wazima."

Alidhani nanyima, niliona. Ijabo akasukuma mlango, akapita kando yangu, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Akasema neno moja kwa Kisomali. Duale akapiga mluzi, kondoo wakageuka. Wanalia na kiu, na bado wanageuka! Sikuweza kuangalia.

Lakini nyuma yao wakaja wengine — mbuzi, punda, wanawake na madebe. Madebe! Mutie alisema mifugo, lakini mtu mwenye kiu husikia maji tu. Nikapiga kelele msinywe. Mmoja akasema, mume anatoa, mke ananyima.

Basi nikakimbia chini nikafungua koki ya kumwagia bwawa. Yote yaende!

Yalitoka kwa nguvu, bluu, yakashika korongo. Wanawake wakapiga mayowe. Kisha Kaluki akanishika kitambaa cha kichwa: "Nthenya! Korongo linaenda wapi?"

Asi! Mtoni. Kwenye mchanga, pale tulipochimba visima vya maji ya kunywa.

Nikafunga. Sijui yamefika wapi. Kaluki na Ijabo wamekimbia mbele na majembe kuziba njia, Duale nyuma yao. Bwawa limebaki nusu.

Nimeketi juu ya koki, mtu asiifungue tena. Naandika kwa penseli kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Wanawake hawajaondoka, wamekaa na madebe yao, hawaniongeleshi. Huko chini nasikia majembe.

Na sasa lori. Ni la Mutie, najua anavyobadilisha gia pale kwenye kona. Limesimama mlangoni. Anaita jina langu.

Siinuki.