Kambare na Kidole cha Athumani

Chato

Bibi yangu, mke wangu mwenye wivu, shikamoo.

Mgodini tumepewa likizo, nikaja ziwani na Athumani, yule mtani wetu Mzaramo ninayechimba naye dhahabu Geita. Jana usiku tulivua kwa ndoana ufukweni, mawimbi yakitupiga magotini. Athumani alipochoka alifunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, akalala mchangani. Nikanyata hadi majini, nikauvuta. Akaruka: "Samaki!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikarudia; akanitukana mimi na ukoo mzima.

Baadaye nikiwa motoni nasonga ugali, nikamsikia anafoka: "Vuta tu, Msukuma wee! Siamki ng'o!" Kugeuka, mguu wake uko juu, mshipi umekaza, kambare anatibua maji, naye Athumani amefumba macho!

Samaki tumempata, ila kidole kimevimba kama kiazi. Athumani anadai fidia, na mtani hanyimwi. Nimempa mke wangu.

Anakuja Jumamosi akichechemea, na kambare aliyebanikwa. Pokea samaki kwanza, ndipo umkatae. Mungu akutunzie magoti yako na hayo meno mawili.

Aliyekuwa mumeo,
mjukuu wako Masanja