Uzi wa Mama Kidoleni

Dakar, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Siulizi kwa desturi, Mama, safari hii nauliza kweli. Kifua hakijakubana? Unashuka mwenyewe kwenye jaruba la mpunga? Huku kambini sote tu wazima, tunakula wali na samaki mpaka kocha anatutania kwamba tutashindwa kupinduana kwa uzito.

Mashindano ya mieleka ni Jumapili. Kocha Ansou ni mkali kuhusu mikono kuliko miguu. Kila asubuhi tunajipanga mstari, anakagua kucha, anavua watu pete, kisha tunafungana vidole viwili viwili kwa plasta, ili mwenzako akikuvuta kimoja kisivunjike. Anasema mwanamieleka asiye na vidole ni sawa na mpishi asiye na jiko.

Ule uzi wa magome ulionifunga kidole cha pete siku naondoka nyumbani Oussouye niliuficha chini ya plasta. Nilikumbuka maneno yako, kwamba usikatwe kabla sijamlaza mtu chali katika pambano la kweli, la sivyo ubaya utamrudia aliyeufunga. Kila alipokaribia kocha, nilikuwa nimeshajifunga mapema. Siku moja akaniuliza, "Wewe Yama, umekuja kupigana au kuolewa? Kidole hicho hakiishi kuvikwa!" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao huku nikiurudisha mkono mgongoni.

Wiki iliyopita mwenzangu wa kambini, Sadio wa Thionck-Essyl, alinidaka kidole hichohicho mazoezini, akakipinda. Kikavimba. Uzi haukuvimba nacho, Mama, ukazama ndani ya nyama. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilificha siku nne. Nilikuwa nalala mkono juu ya mto, kidole kikageuka rangi ya zambarau, kisha kikaacha kuuma kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jana sikuweza kushika hata kijiko. Nesi wa kambi akabandua plasta, halafu akaniambia, "Dada, damu haipiti humu. Tukingoja mpaka jioni, kidole hiki tutakizika." Akachukua mkasi. Nikamwomba asubiri. Nikamweleza kuhusu wewe, nikilia kama mtoto. Akasema mama aliyenifungia uzi huo angekuwa hapa, angeukata kwa meno yake.

Mama, nisamehe. Niliupokea mkasi nikaukata mwenyewe, maana sikutaka mtu baki aingie katika jambo letu. Kidole kinapata joto, nesi anasema kitapona, ingawa kocha amenitoa kwenye orodha ya Jumapili na hasemi nami. Hilo nalivumilia. Ila tangu jana kila simu inayolia ofisini naona ni habari yako.

Basi nimefanya jambo, na usinigombeze. Vipande viwili vya uzi niliviokota chini, nikaviunga fundo, nikavifunga kwenye kifundo cha mkono wangu kwa mkono mmoja na meno, vilegevu. Hakuna aliyenisaidia, nilihakikisha hilo. Kwa hiyo sasa aliyeufunga si wewe tena, ni mimi.

Wasalimie Baba na shangazi Ampa. Tafadhali nijibu upesi.

Mwanao akupendaye,
Yama Diédhiou