Hatua Tatu Nyuma ya Pazia

Sabrina, wewe ndiye uliyesoma nami, niambie nimekosea wapi.

Baba mkwe ameanguka sasa hivi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nyuma ya pazia. Hatua tatu!

Kazi yangu ya tiba ya viungo unaijua, kutwa nasimamisha wazee wa watu. Huyu wa kwangu siruhusiwi hata kumtazama. Kwa Wanyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe, wala hawasemeshani. Mwaka wa sita huu.

Alivunjika mguu, na lile hogo la plasta lilipotolewa, ulikuwa umekonda kama ufito. Nikampa mama mkwe maneno ampelekee: ndani ya msuli kuna zile seli shina za kuujenga upya, zimelala, zinasubiri ishara, na ishara yenyewe ni kuufanyisha msuli kazi. Kidogokidogo, akiwa amekaa kitini. Mama akafikisha "kazi". Hiyo "kidogokidogo" sijui aliiacha wapi.

Leo mama katoka kwenda kugeuza kakao juani. Mara nasikia kitanda kinalia. Nasikia fimbo sakafuni. Anasimama! Nikasahau miiko yote, nikapiga kelele, "Baba, kaa!"

Puu.

Nikashika pazia, Sabrina. Nikalishika tu, sikulivuta. Nikamwita mama mpaka sauti ikakauka.

Ndipo mzee akanisemesha, mara ya kwanza tangu niolewe: "Mwanangu, mguu unawaka moto. Ndizo zile seli zinaamka?"

Mama yuko naye ndani sasa, namsikia mama analia.

Nilimjibu ndiyo. Mtaalamu mzima, najua moto ule ni wa kuumia, nimemjibu ndiyo.