Mtu wa Mia na Saba

Nordvik, Iowa
Jumanne, wiki ya mwisho ya Februari

Garlan mdogo wangu,

Kata yetu tuliipoteza Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu, saa mbili kasoro dakika kumi usiku, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, kwa upungufu wa mtu mmoja. Nimelitanguliza hilo kwa sababu salamu zikitangulia utadhani nimesahau.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Vidole vya Nelda vinaendeleaje na baridi hii, na sindano zake za baridi yabisi anazipata? Sisi wazima. Mtambo wa kuchimbia visima umegoma mara mbili tangu uondoke, na hakuna anayejua kuubembeleza.

Siku hizi kila mtu anajidai alijua kwamba Bwana Ransdell hana nafasi ya kuteuliwa na chama kugombea urais. Waongo. Mtu aliyeanza na lori moja akafikisha mia nne, asiyemtisha tajiri wala maskini, nafasi alikuwa nayo. Alichohitaji katika kata kama yetu, ambako kura ni kusimama kwenye kundi la mgombea wako, ni asilimia kumi na tano ya watu ukumbini, kundi lake lisivunjwe. Niligonga milango mia mbili na kumi na miwili kwenye theluji, baada ya kazi, nikapata majina kumi na saba ya uhakika. La kumi na saba lilikuwa lako. Ulikula mezani kwangu Jumapili ukasema sawa dada, nitakuja. Kweli ulikuja.

Waliojiandikisha mlangoni walifika mia na saba, na mwenyekiti akatangaza kwamba kundi lazima liwe na watu kumi na saba. Nikawahesabu wangu kwa kuwagusa mabega: kumi na sita. Kuinua macho, naiona kofia yako chini ya goli la kikapu la upande wa pili, katikati ya watu arobaini na mmoja wa Gavana Ostrander, ambao hawakuhitaji hata ukucha wako.

Zilipotolewa dakika kumi na tano za watu kuhama kundi, nikavuka ukumbi mzima kuja kukuomba. Mzee Arvid Brekke wa kundi lenu akapaza sauti kwamba mkate wa Ransdell mtamu ila mwenyewe hana chumvi, wakacheka huku midomo imejaa mikate ya nyama niliyowaletea watu wote ukumbini kwa pesa yangu. Wewe hukushusha hata sauti. Ulisema umechoka sindano za mke wako kuwa zawadi ya dada mwenye kampuni. Kwamba Ostrander atampa kila mtu matibabu kwa haki yake, na huyo tajiri wangu atawaacha palepale, kwenye huruma za mwajiri. Nikakwambia basi kesho usije kazini. Ukaniuliza, unaona? Ukavua kofia ya kampuni ukaniwekea mkononi.

Siku tisa baadaye Ransdell alijitoa. Kwenye televisheni alimshukuru mkewe na rubani wake. Sisi hata kwa jina la jimbo hatukutajwa. Hapa mjini, kwa wiki tatu, wanakuita msaliti kila asubuhi kwenye kahawa, nami nimekuwa nikisikia na kukoroga kikombe changu.

Garlan, Jumapili nilichukua penseli. Asilimia kumi na tano ya mia na saba ni kumi na sita na chembe, na kwa kuwa mtu hakatwi vipande, wanatakiwa kumi na saba. Ya mia na sita haifiki kumi na sita kamili, kwa hiyo wanatakiwa kumi na sita. Tulikuwa nao! Angepungua mtu mmoja ukumbini tungepita, na wewe hukohuko chini ya goli lako.

Jina la mwisho mlangoni, la mia na saba, ni la Mama. Nilimfuata mwenyewe kule kwenye nyumba ya wazee, maili kumi na mbili, ingawa aliniambia wazi kwenye simu kwamba yeye ni wa Ostrander na nyonga inamuuma, heri alale. Nilidhani akiniona ataona haya. Hakuona. Alikaa kwenye kundi lenu na gongo lake la miguu minne, anakula mkate wangu. Mimi ninayekadiria bei ya kisima hadi futi ya mwisho, hesabu hiyo sikuipiga. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Alhamisi nitawaambia wale wa kahawa.

Sijakusamehe; uliniahidi ukiwa mezani kwangu. Lakini nilikufukuza kwa kosa langu.

Mama, anayekuletea barua hii, ana salamu zake mwenyewe. Mpe Nelda zangu.

Orodha ya bima ya matibabu ya kampuni inapelekwa Ijumaa saa sita mchana. Majina yenu mawili bado yamo, na siwezi kumwandika asiye mfanyakazi. Najua utasema nimethibitisha maneno yako. Yaseme, ila yaseme ukiwa ndani ya orodha. Kofia yako iko kwenye usukani wa lori namba tatu. Unarudi au hurudi? Nijibu mimi, si Mama, kabla ya saa sita hiyo.

Dada yako,
Verla