Mashuka ya Wodi ya Wazazi

3 Machi

Mdogo wangu Sajini,

Habari za kambini, na kifua chako je? Huku wazima, ila nina hasira za kututosha sote.

Kila Ijumaa maji ya bomba yanakuja na mafuta. Siku nyingine safi. Ijumaa iliyopita nilifua mashuka mia mbili ya wodi ya wazazi. Themanini yalitoka meusi kama yamefutiwa injini. Muuguzi mkuu kaniuliza kama siku hizi nafulia gereji. Mimi, niliyeanza na beseni moja! Maji hayo yanatoka kwenye chemchemi mnayoilinda nyinyi. Mnailinda dhidi ya nani?

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kimetulia. Tafadhali, mambo ya maji usiyaandike kwenye barua, ni usalama wa taifa. Nilimfikishia kamanda malalamiko yako, kasema ni hujuma ya adui. Tumeongeza walinzi, bunduki zote zinatazama nje. Na jana tumemkamata mtu kwenye uzio ana chupa ya maji yenye mafuta. Sasa mashuka yako yatatakata.

Mdogo wako

14 Machi

Sajini (leo sikuiti mdogo wangu),

Marahaba. Huyo adui wenu ni mpiga pasi wangu! Nilimtuma afuate kijito aone mafuta yanaanzia wapi. Harusini kwako si ndiye aliyebeba viti? Mkewe yuko hapa kwangu, analia tu.

Nijibu moja. Gwaride lenu la Ijumaa mnakagua magari yanayong'aa. Alhamisi mnayaoshea wapi? Magari thelathini, na dizeli yake, na grisi yake, ndani ya maji ya mji mzima! Vichanga wanaogeshwa maji hayo siku yao ya kwanza duniani. Kama taifa si hao, mnalinda lipi? Mwachieni mtu wangu.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ya mwisho nilimsomea kamanda. Akaamuru magari yasioshwe tena karibu na uzio, yanaonekana. Yaoshwe ndani, juu kwenye chemchemi yenyewe. Hapo ndipo tunapochota maji ya kunywa.

Kikosi kizima tunahara na kutapika. Langoni hakuna mtu. Mpiga pasi wako aliyakataa maji yetu tangu siku ya kwanza, anakinga mvua kwa helmeti. Sasa ndiye anayetupikia uji na kutushika mkono kwenda chooni. Barua hii kamanda hajaikagua, hawezi kuinuka. Dada, tunaomba maji.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole, mpumbavu wangu. Nimechemsha madumu arobaini ya maji ya kisima. Dumu la kwanza ni lako. Mengine hayashuki mpaka nione magari yametoka kwenye chemchemi. Anayeweza kusimama asukume. Na yale mashuka themanini nimeyapakia pia, mtayalalia nyinyi. Jeusi kuliko yote ni la kamanda.

Kesho asubuhi naingia na lori la dobi. Sitapiga hodi. Umesema mwenyewe, lango halina mlinzi.

Dada yako