Simu Mpya na Mkongojo wa Baba

Jumatatu, 3 Novemba
Vichwa vitatu leo, vyote rasta. Vidole vinauma. Jioni nikapitia duka la simu hapa Kansanga, nikatoka nayo. Ile kubwa, toleo jipya kabisa. Ya zamani nikawaachia wapunguze bei. Kamera ni balaa: msuko unaonekana uzi kwa uzi. Na mba za mteja pia. Hiyo picha sikuituma.

Nikampigia Amani, mdogo wangu, kule Butembo, kama kila jioni. Sauti safi, utadhani amekaa hapa saluni. Kuku hawasikiki, mvua haisikiki. Nimefurahi sana. Ila Baba hakugonga. Tangu kiharusi kimnyang'anye maneno, hunisalimu kwa mkongojo sakafuni: ko, ko, ko. Labda alisinzia.

Jumanne, 4 Novemba
Chaji imekaa kutwa nzima. Lakini simu ni nzito na inateleza kama sabuni. Imeshaanguka mara moja, nikaruka mimi.

Baba hakugonga tena. Nikamuuliza Amani, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Akasema, "Yaya, si eko anakugongea?" Nikasikiliza. Kimya. Sijapenda.

Jumatano, 5 Novemba
Nimesuka ovyo, nikafumua, nikaanza upya. Mteja kanuna. Ana haki.

Kimya tena. Amani anasema Baba anakula, anagonga. Namjua Amani. Mama alipofariki, aliniambia Mama amelala tu, mpaka nikafika mlangoni. Kasimu kake ni ka tochi, hakana video. Mimi nina simu inayopiga picha ya mwezi, na baba yangu siwezi kumwona. Nimelia.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimefunga begi. Kesho nakata tiketi ya basi. Nina hasira na Amani. Nina hofu zaidi.

Ijumaa, 7 Novemba
Nilitaka kumwambia Amani nakuja. Salio limeisha. Mama Achan, mke wa askari, msusi mwenzangu tunayegawana naye kioo saluni, akanisukumia simu yake iliyopasuka. "Chukua hii yangu. Iko na dakika mingi."

Kelele kama soko. Kuku, mvua kwenye mabati, mtoto wa jirani analia. Halafu ko, ko, ko. Nikakaa chini palepale, juu ya nywele za watu.

Mama Achan ndiye aliyeshtukia kwamba ni simu yangu. Tukapekua mipangilio, tukakuta: inachuja kelele. Kumbe siku zote imemhesabu baba yangu pamoja na kuku. Nikamwomba Amani msamaha. Akacheka tu. "Baba amechoka mukono, yaya."

Jumapili, 9 Novemba
Kanisani, kisha kufua. Begi nimelifungua. Tiketi sikukata, nitaenda Krismasi kwa raha zangu.

Simu nabaki nayo. Kamera sina neno, wateja wapya wawili wamekuja kwa picha tu. Chaji nzuri. Kwa kuteleza, nimenunua kava. Ule mchujo nimeuzima, na sauti sasa ni chafu kama ya zamani.

Jioni nikapiga. Kuku wote wapo. Baba akagonga. Nikamgongea mezani kwa kitana: ko, ko, ko. Halafu akagonga tena.